Kununua leseni ya Windows bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

"Fundi, si niliambiwa hii ni orijino? Mbona inadai tena?"

Mama huyo ana steshenari. Laptopu yake aliinunua used, na muuzaji alimfungulia Settings akamwonyesha neno Active, akalipa, akaondoka nayo. Baada ya miezi sita na ushei, kona ya chini kulia ya skrini yakatokea yale maandishi ya kijivu: Activate Windows.

Neno Active linawaponza wengi. Windows kuamilishwa (activate) ni jambo moja, kuwa na leseni ni jambo jingine. Mtu anaweza kukufungulia mlango wa nyumba na bado hati isiwe yake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, nenda nami taratibu.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho tayari

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli kisha Enter. Subiri sekunde chache, kitatokea kidirisha kidogo. Usihangaike na maneno yote, tafuta mstari wa Description na uone neno lililo kabla ya "channel".

OEM_DM maana yake leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani na imehifadhiwa ndani ya bodi kuu. RETAIL ni leseni ya rejareja, ile ambayo mtu wa kawaida hununua. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu yako ya nyumbani, shtuka. Hiyo ni njia ya mashirika: kompyuta huripoti kwenye seva ya ofisi, na seva hiyo haianzi kuamilisha Windows mpaka ifikiwe na kompyuta zisizopungua 25. Uamilisho wake hudumu siku 180, na kompyuta isipoiona seva ndani ya muda huo, deni linarudi. Laptopu ya chuo au ya mwajiri ikiwa hivyo ni sawa, leseni ni ya kwao. Ya kwako uliyonunua dukani imeingiaje kwenye shirika? Mara nyingi jibu ni kwamba kuna mtu aliikraki, yaani aliiamilisha kwa hila bila leseni.

Ya mama ilikuwa hiyo hiyo. Nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, nikaandika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikatoka herufi na namba 25, ndio ufunguo wa leseni. Yaani laptopu ilikuwa na leseni yake halali ya Windows Home tangu kiwandani, imelala ndani ya bodi, na juu yake mtu amepachika Windows Pro ya kukraki ili aiuze kwa bei ya juu kidogo. Watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiuhifadhi ufunguo humo tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, kwa hiyo kisa hiki nakutana nacho mara kwa mara. Nilihifadhi mafaili yake, nikatengeneza flashi kwa programu ya Media Creation Tool inayopatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft, nikaweka Windows upya. Kisakinishi kilisoma ufunguo chenyewe, kikachagua Home, na tulipounganisha intaneti ikajiamilisha. Alilipia kazi yangu tu, leseni hakununua.

Amri hiyo ikirudisha mstari mtupu, basi endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Hakikisha mashine inastahili

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayekuuzia leseni ya Windows 10 leo kama bidhaa mpya anakuuzia maziwa yaliyopita tarehe. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, Secure Boot (kinga dhidi ya programu ngeni wakati kompyuta inawaka), RAM ya GB 4 na kuendelea, diski ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, kwa kifupi, kizazi cha 8 kwenda juu. Pakua PC Health Check, programu ya Microsoft ya kukagua vigezo hivi, uipime mashine yako. Na kama tayari una Windows 10 halali kwenye mashine inayokidhi vigezo, kwenda 11 ni bure, usimlipe mtu "leseni ya kupandisha".

Mashine ikishindwa vigezo, mimi humshauri mteja aweke Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na leseni yake haina gharama. Kwa kuandika barua, kuchapa na kuingia mtandaoni inatosha kabisa. Wengine hukunja uso, wiki ya pili wanasahau.

Hatua ya 3: Ijue bei halisi

Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139 na Pro dola 199.99. Kwa shilingi za Tanzania, Home inavuka laki 3. Wauzaji hutofautiana na punguzo lipo, lakini mtu akikwambia kwenye WhatsApp kwamba Pro ya maisha ni elfu 20, tofauti hiyo ameilipa nani?

Nasema haya kwa kuwa niliwahi kuumia. Nilinunua funguo tano za bei poa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikawawekea wateja. Zote zilikubali siku ile ile, nikajiona mjanja. Haukupita muda mrefu, tatu zikafungiwa, na msimbo ukawa 0xC004C003, yaani seva ya Microsoft imeukataa ufunguo. Muuzaji hakupatikana tena. Wateja watatu niliwarudishia hela kutoka mfukoni mwangu. Funguo za namna hiyo mara nyingi ni za shirika fulani zilizochotwa na kugawiwa watu wengi, au zimenunuliwa kwa kadi za wizi. Microsoft wenyewe wanasema hawauzi ufunguo mtupu kama bidhaa inayojitegemea, kwa hiyo tangazo la "key only" lina dosari tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Mchague muuzaji

Njia fupi kuliko zote ni kununua ndani ya Windows yenyewe: Settings, System, Activation, halafu kitufe cha kufungua Store. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Leseni inaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako, hakuna wa katikati.

Ukipendelea duka la mtaani, muulize maswali haya ukiwa umesimama pale kaunta, kabla ya kutoa pochi. Hii ni OEM au rejareja? OEM, yaani leseni ya kuja na mashine, hufa na bodi kuu ya mashine ya kwanza. Ya rejareja unaweza kuihamishia kompyuta nyingine, mradi uitoe kwenye ya zamani. Ikigoma mnanirudishia hela, na ndani ya siku ngapi? Mtanipa risiti ya EFD iliyoandika jina la bidhaa, au itaandikwa "huduma ya kompyuta"? Anayeuza kitu halali hujibu bila kutafuna maneno. Akianza kusema "usijali, hii ni ya maisha, mimi ndiyo waranti", mshukuru utoke.

Kwa kampuni, usinunue moja moja. Tafuta mshirika aliyeorodheshwa kwenye tovuti ya Microsoft, akuandikie ankara yenye jina la kampuni yako.

Hatua ya 5: Kishike mkononi

Sanduku la rejareja huja na flashi ya kusakinishia na kadi yenye ufunguo. Stika ya uhalali hubandikwa kwenye bidhaa, na za sasa hufunika sehemu ya ufunguo kwa utando wa kukwangua. Ukikuta utando umeshakwanguliwa, ufunguo huo umeshasomwa na mtu, usiupokee. Stika zinazouzwa peke yake kama vocha hazina uhalali wowote, hata ziwe zinang'aa namna gani.

Hatua ya 6: Jaribu palepale, kisha funga

Ingiza ufunguo ukiwa bado dukani. Rudia slmgr /dli: mstari useme RETAIL, na herufi tano za mwisho zilingane na za kadi yako. Andika pia slmgr /xpr, ijibu kwamba imeamilishwa moja kwa moja, isikupe tarehe ya kuisha. Mbinu nyingine za kukraki nazo huonyesha RETAIL, ndiyo maana risiti haitupwi.

Ukifika nyumbani ingia na akaunti yako ya Microsoft, ili sehemu ya Activation iseme leseni ya kidijitali imeunganishwa na akaunti hiyo. Akaunti iwe ya kwako, siyo ya fundi. Nimeletewa laptopu mbili ambazo leseni zake zimekaa kwenye barua pepe ya fundi aliyehama mji, na mwenye mali hana hata namba yake ya simu. Piga picha risiti na kadi, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.