Namna ya kutembelea Kolmanskop, mahame ya almasi

Nimekulia kota za mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Kwa hiyo nilipofika Kolmanskop, mji wa wachimba almasi uliohamwa kusini mwa Namibia, sikukimbilia vile vyumba vilivyojaa mchanga ambavyo kila mtu huenda kuvipiga picha. Nilitaka kujua wachimbaji walilala wapi. Nimerudi mara mbili tangu hapo, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza ndugu na jamaa wanaopanga kwenda.

Lala Lüderitz, mji wa bandari ulio karibu. Mahame yako kilomita 10 hivi kutoka hapo, kando ya barabara iendayo Aus. Tiketi ya kawaida ni ya asubuhi hadi mchana. Ukitaka kuingia alfajiri au kubaki mpaka jua lizame, kuna kibali cha wapiga picha, nacho ukate mapema mjini. Chagua alfajiri. Mchana upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, mchanga ukakuchoma vifundoni kama sindano. Chukua mtandio wa kufunga puani, viatu vya kufunika mguu mzima na sweta, maana bahari ya huko ni baridi na ukungu wake hufika mpaka jangwani.

Ukishaingia, usianze na nyumba. Chuchumaa nje utazame changarawe. Mto Orange ndio uliobeba almasi kutoka bara hadi baharini, mawimbi yakazisukuma kaskazini kando ya pwani, kisha upepo ukapeperusha mchanga mwepesi na kuziacha juu pamoja na kokoto. Ndiyo maana hapa huoni shimo kubwa kama la kwetu Mwadui. Siku za mwanzo watu walitambaa kwa magoti, wamejipanga mstari, wanaokota. Chuchumaa hivyo dakika 5 tu, mgongo wako utakusimulia mengine. Lakini usiokote hata kijiwe: kuwa na almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai, na ardhi yote hii ilipigwa marufuku tangu Septemba 1908. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Namibia wakati huo, waliiita Sperrgebiet, yaani eneo lililofungwa, na jina hilo bado linatumika.

Sasa ingia kwenye majengo, ukianzia jumba la starehe. Lina ukumbi wa dansi na, chini yake, uwanja wa kuangusha pini kwa tufe. Kisha nenda kiwanda cha barafu. Mji huu haukuwa na chemchemi wala kisima cha maji matamu. Maji yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town, na bado kila nyumba ya Mjerumani ilipelekewa barafu kila siku. Walikuwa Wajerumani 300 hivi na watoto wao 40. Waovambo waliofanya kazi walikuwa 800 hivi, wameletwa kutoka kaskazini kwa mkataba. Sisi tungewaita manamba. Wao walilala kambini, mbali na wake zao.

Katika nyumba za wakubwa, tazama kuta. Rangi ya samawati na kijani imebaki, na juu yake kuna mstari wa maua uliochorwa kwa mkono uliotulia. Chini yake mchanga umefika kiunoni, umelala laini kama unga kwenye ungo. Fuata mbao zilizo imara tu. Sakafu nyingine zimeoza. Mchangani utaona nyayo za fisi wa kahawia, ambao wamehamia humo.

Hospitalini usipite haraka. Ilikuwa na mashine ya eksirei, kitu adimu sana Afrika wakati ule. Ilipima mifupa, na inasimuliwa kwamba ilitumika pia kuwachungulia wafanyakazi matumboni kama wamemeza almasi. Nilisimama pale nikiwaza baba zetu walivyopekuliwa getini kila jioni.

Muulize kiongozi wa msafara mji ulikufaje. Atakueleza kuwa mawe yalipungua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1928 zikagunduliwa almasi kubwa zaidi kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange. Watu wakafunga mizigo, wengine wakaacha hata samani. Wa mwisho waliondoka 1956. Kisha muulize kuhusu Zacharias Lewala. Usiridhike akikutajia August Stauch peke yake. Lewala alikuwa kibarua wa reli aliyewahi kufanya kazi Kimberley, kwenye migodi ya almasi ya Afrika Kusini, na Aprili 1908, akifagia mchanga relini, aliokota jiwe akalitambua. Alimpelekea msimamizi wake, Stauch, aliyekata vibali vya kuchimba na kutajirika. Lewala hakupata fungu lolote la utajiri huo. Mimi humtaja jina kwa sauti nikiwa pale, mbele ya wageni wote.

Ukitoka, usirudi moja kwa moja hotelini. Endelea kidogo kuelekea Aus mpaka uone jengo tupu la kituo cha Grasplatz. Ni maeneo hayo Lewala alipokuwa akifanya kazi. Usivuke kuingia jangwani. Tazama kutoka barabarani. Siku niliyopita mimi, mchanga ulikuwa umefunika tena reli, na vijana wanne wenye mabeleshi walikuwa wakiusafisha.