Datsun 1200 haitoi moto: pima kwa taa kabla ya kununua spea

Mwongozo huu ni wa magari ya kabureta na pointi (vigusio viwili vinavyokata na kuunga umeme wa koili), kama pikapu ya Datsun 1200. Stata inazungusha injini vizuri, petroli inafika, ila gari haliwaki. Wengi hapo hukimbilia dukani na kurudi na plagi, koili na nyaya mpya. Nimetoka kumsaidia jirani aliyekwisha kununua vyote hivyo, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kiwaya kifupi ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi.

Tengeneza taa ya kupimia: bulbu ya volti 12, wati 5, waya mbili na klipu. Kwa kazi hii naiamini kuliko mita ya kidijitali. Mita itasoma volti 12 hata waya ukiwa umebakiza uzi mmoja, kwa kuwa haivuti umeme wa maana. Bulbu huvuta, na waya mbovu hujifichua kwa mwanga hafifu.

Hatua ya 1: Je, koili inatoa moto?
Chomoa kwenye kofia ya distributa waya mnene unaotoka kwenye koili. Ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, usitumie mkono mtupu, maana hapo pana maelfu ya volti. Ncha ikae milimita 6 hivi kutoka chuma cha injini, mbali na kabureta, mwenzako apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio ikiruka, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2: Umeme unafika?
Funga klipu ya taa kwenye athi (chuma cha injini), fungua swichi, kisha ncha ya taa iguse + ya koili. Taa isipowaka, fuata waya kurudi hadi kwenye swichi ya funguo.

Hatua ya 3: Pointi
Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Funga klipu ya taa kwenye athi, ncha iguse − ya koili, kisha stata ipigwe. Taa inatakiwa ipepese: iwake pointi zikiachana, izime zikikutana. Ikipepesa vizuri na cheche bado hakuna au ni dhaifu, badilisha kondensa (kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi) kwanza, kisha koili. Pointi zilizochimbika na kuungua upesi ni dalili nyingine ya kondensa mbovu.

Ikiwaka muda wote, umeme haupati njia ya kwenda athi. Safisha pointi kwa msasa laini, ufute vumbi kwa kitambaa safi. Hata pointi mpya zifute, maana huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya kona ya shafti, ndipo upime nafasi kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia): milimita 0.45 hadi 0.55. Kama bado taa haizimi, kagua kile kiwaya kinachotoka pembeni mwa distributa kwenda kwenye pointi. Sahani ya pointi hucheza kila vakyumu inapovuta, na baada ya miaka waya hukatika ndani huku ganda lake likiwa zima. Kwa macho hutaona kitu. Pointi zikiwa zimekutana, kitikise kwa kijiti huku ukiangalia taa. Jaribu hivyo hivyo waya wa athi wa sahani.

Ikizima muda wote, chomoa − ya koili waya uendao kwenye distributa. Taa isipowaka bado, koili imekatika ndani. Ikiwaka, koili imepona na kuna kitu kinagusa athi ndani ya distributa. Mara nyingi ni wosha za plastiki za pointi: ukizipanga vibaya, chuma cha waya kinagusa sahani na cheche haitakuja hata ukibadilisha kila kitu. Wosha zikiwa sawa, chomoa waya wa kondensa, upime tena.

Usiache swichi wazi pointi zikiwa zimekutana. Koili huchemka na kuungua.

Hatua ya 4: Kofia na rota
Ndani ya kofia tafuta ufa au mstari mweusi, na ubonyeze kaboni ya katikati uone kama inarudi. Kisha sogeza ule waya mnene karibu na chuma cha katikati ya rota, stata ikipigwa. Cheche ikirukia hapo, rota inavuja kwenda kwenye shafti, kwa hiyo itupe. Rudisha nyaya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ukifuata upande rota inakozungukia.