Kipokezi cha seli kiyeyuke majini: anza na kalamu

Aliyewahi kubangua korosho anajua: utomvu wa ganda ukishika vidole, maji matupu hayautoi. Vipokezi vingi vya seli, yaani protini zinazopokea ujumbe kutoka nje ya seli, vina tabia hiyo. Vimezama kwenye utando wa seli, ambao ni mafuta; ukivitoa na kuvitia majini vinagandana. Maabara huvishikilia kwa sabuni maalumu, nayo ni ghali na huvuruga vipimo. Mwaka 2018 Shuguang Zhang wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake walionyesha njia nyingine: badilisha asidi amino zenyewe, yaani vitofali vya protini, ambavyo kila kimoja huandikwa kwa herufi yake. Mimi nafundisha biolojia hapa Mikindani, maabara ya protini sina, lakini hatua za mwanzo nazifanya kwenye meza ya chakula.

Chukua CCR5, kipokezi ambacho VVU hukitumia kuingilia seli. Ingia UniProt, hifadhidata ya protini mtandaoni, utafute namba yake, P51681. Utapata herufi 352, kila moja asidi amino yake, na vipande saba vilivyowekwa alama kuwa vinapenya utando. Vipigie mstari. Humo ndani tu, kila L iwe Q, kila I na V ziwe T, kila F iwe Y. Kwa mfano, kwenye kipande cha kwanza LVILILI inakuwa QTTQTQT.

Kwa nini hizo? Umbo. Threonini (T) na valini (V) ukiziangalia haraka utadhani pacha, na tairosini (Y) ni fenilalanini (F) iliyobandikwa oksijeni na haidrojeni. Msokoto wa protini hausumbuki sana, ila sasa una pa kushikana na maji. Tena hizi mpya hazina chaji, kwa hiyo kipokezi hakigeuki sumaku ya kunasa kila kinachopita.

Mara ya kwanza mimi nilibonyeza “badilisha zote” kwenye laptopu, nikaenda kugeuza samaki. Kurudi, hata mkia wa mwanzo, ulio kabla ya kipande cha kwanza, umebadilika, na huo ndio unaoshiriki kukamata CCL5, molekuli ambayo CCR5 huipokea! Nikafuta, nikaanza upya kwa penseli. Mikia na vitanzi vya nje usiviguse.

Kisha ipe AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini, mfuatano mpya wa herufi, ulaze umbo lake juu ya la asili. Yakikaribiana, vizuri, ila picha nzuri haithibitishi kwamba kipokezi kinafanya kazi. Hilo linataka mtu mwenye maabara: jeni itengenezwe, bakteria E. koli waizalishe protini, isafishwe, kisha ipimwe kama bado inaishika CCL5. Ikishika, unaweza kuibandika kwenye kitambuzi cha umeme, au kujaribia dawa zinazoziba mlango huo, bila sabuni.

Mwombe mtu huyo wa maabara akuangalizie na mrija wenye protini hiyo. Maji yakitia ukungu, protini imegandana; rudi kwenye vipande saba, utafute herufi uliyoiruka.