Somo: Jinsi ya kusoma rangi ya macho ya paka

Wapendwa wanachama, hapa Goma watu hunitumia picha za paka na swali lile lile: "Macho haya ni ya namna gani, nimchukue au nimwache?" Wengine wanauliza kwa ajili ya panya dukani, wengine kwa sababu jirani amewatisha kwamba ni paka wa mchawi. Rangi yenyewe hueleza umri wa paka na uzazi wake, basi. Tabia haimo. Kinachotakiwa kukusumbua ni rangi inayobadilika kwa paka aliyekwisha kukomaa. Twende kwa utaratibu.

Hatua ya 1. Uliza umri kwanza

Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba. Huyafungua kati ya siku ya 7 na ya 14, na yote hutoka ya bluu yenye ukungu, awe kazaliwa Himbi au Majengo. Melanini, ile inayotia weusi ngozi zetu pia, bado haijaanza kutengenezwa kwenye duara la rangi linalozunguka mboni. Huanza kuonekana karibu na juma la 6 au la 7, na rangi hutulia kwenye miezi 3 au 4, wengine huchelewa zaidi. Basi muuzaji akikuletea kitoto cha mwezi mmoja na kukupandishia bei kwa kuwa "ana macho ya bluu", mwambie amrudishe kwa mama yake akue kwanza. Wote wana macho ya bluu umri huo!

Hatua ya 2. Mtazame mchana, karibu na mlango

Tochi ya simu iache mfukoni. Kwenye mwanga wa mchana mboni hujibana ikawa mstari wa wima na rangi ikabaki wazi. Gizani mboni hutanuka, ukaona weusi mtupu. Usimkazie macho, kwa paka huo ni ugomvi. Fumba na ufumbue yako polepole, atatulia. Piga picha uitunze, utaihitaji kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3. Pima wingi wa melanini

Ikiwa nyingi, jicho ni la shaba au chungwa. Ikipungua ni njano, ikipungua tena ni kijani. Bluu ni pale ambapo sehemu ya mbele ya duara haina kitu: hakuna wino wa bluu humo ndani, ni mwanga unaotawanyika, kama anga juu ya Ziwa Kivu. Paka wetu wengi, wa milia na weusi, huangukia kati ya kijani na njano, na hapo hakuna la kuongeza.

Manyoya hayaamui rangi ya macho, isipokuwa kwa makundi mawili. La kwanza ni paka wa Siam na jamaa zake, mwili mweupe-maziwa, masikio, uso na mkia vyeusi. Kimeng'enya chao cha kutengeneza melanini hufanya kazi penye ubaridi tu, ndiyo maana ncha za mwili huiva rangi na macho hubaki bluu maisha yote. Hao ni wazima.

La pili ni paka weupe pe. Kinasaba kinachowanyima rangi hugusa pia sikio la ndani, kwa hiyo wengi wa wale wenye macho mawili ya bluu ni viziwi. Mjaribu akiwa amelala: simama nyuma yake, asikuone, upige makofi bila kumpulizia upepo. Na tafadhali, nyumba ya mbao itakudanganya, maana sakafu ikitikisika hata kiziwi huamka. Fanyia uani, juu ya udongo. Akiwa kiziwi, mfugie ndani ya ua. Pikipiki za barabarani hatazisikia kamwe.

Hatua ya 4. Linganisha na picha ya zamani

Kwa paka mzima, hizi ndizo dalili: jicho moja limegeuka rangi na jingine halikugeuka, wekundu, ukungu, mboni zisizolingana, doa la kahawia linalotanuka mwezi hadi mwezi. Huenda ni uvimbe wa ndani ya jicho unaoletwa na maambukizi, presha ya jicho, au saratani. Ikiwa weupe wa jicho na ufizi vimekuwa njano, ini au damu ina shida, usingoje. Mpeleke kwa veterineri, daktari wa wanyama. Matone ya macho ya binadamu usimtie, hasa yenye kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe: yakikuta kidonda juu ya jicho huweza kulitoboa. Vumbi la mawe yetu ya volkano likimwingia, maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi vinatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Ndosho: Mwalimu, miye niko na paka mweupe, jicho moja ya bluu, ingine ya njano. Majirani banasema ni ya mulozi. Nimutupe?

Jibu: Usimtupe, mama. Melanini ilifika jicho moja, haikufika jingine. Huenda haisikii kwa sikio la upande wa bluu, na hilo makofi hayataligundua kwa sababu sikio zima litamwamsha.

Kijana wa Katindo: Yaya, usiku paka wetu macho yanawaka kijani, ya yule wa Siam yanawaka mekundu. Ni ugonjwa?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaong'aa kijani au dhahabu. Kwa paka wa Siam rangi huko nyuma ni hafifu, kwa hiyo unaona wekundu wa mishipa ya damu.

Baba wa Bukavu: Mtoto alikuwa anamfungua paka jicho, akaumwa kidole.

Jibu: Baba, acha kusoma. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya leo hii, waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka pia hukiambukiza.

Muuza unga wa Birere: Kwa panya, nichukue macho gani?

Jibu: Macho yoyote, ndugu. Mtazame mama yake: kitoto hujifunza kuwinda kwake, hivyo usimwachishe kabla ya majuma 8. Na sumu ya panya iondoe stoo kabla paka hajaingia. Akila panya aliyeila, damu inaweza kumvuja mwilini, mpaka ndani ya jicho.