Usimuulize Kama Anakumbuka: Namna ya Kumpa Kazi Mwenye Demensia

Baba yangu alikuwa seremala kwa zaidi ya miaka 40. Huu ni mwaka wa nne tangu daktari atuambie ana Alzheimer, ugonjwa unaosababisha demensia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kuliko mwingine wowote, na mimi ndiye ninayeshinda naye. Haya ninayoandika niliyapata kwa kukosea kwanza, kisha kusoma, kisha kujaribu tena.

Kosa langu lilikuwa mtihani. Nilibandika picha za ndugu zetu kwenye kadi, kila asubuhi nikamkalisha: "Huyu nani, Baba? Na huyu je?" Nilidhani nikimbana sana kumbukumbu zitarudi. Siku ya tatu alizigeuza kadi zote kifudifudi, moja baada ya nyingine, akanyanyuka. Hakugomba. Lakini hakusema neno mpaka usiku. Kadi zile nilizitia kwenye droo na sijazitoa tena.

Baadaye nilielewa. Alzheimer kwa kawaida huanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ile inayotunza mambo mapya. Ndiyo maana mtu anaweza kukusimulia ujana wake vizuri kabisa na asijue kama leo ameshaoga. Ujuzi wa mikono hutunzwa sehemu nyingine za ubongo, na huko ugonjwa huchelewa kufika. Kwa hiyo acha kumdai majina na tarehe. Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua.

Usikurupuke na michezo ya kununua. Kaa chini na karatasi, uandike maisha yake: alifanya kazi gani, alishika nini kila siku, wenzake walimwendea kwa shauri gani. Mshonaji ana vifungo na nyuzi, karani ana mafaili, mwalimu ana daftari za kusahihisha, mama wa nyumbani ana nguo za kukunja. Kama mwenyewe bado yuko mwanzoni mwa ugonjwa na anajieleza, muulize yeye kwanza. Hii ni orodha yake, wewe unaandika tu.

Kwa Baba nilianza na ubao mmoja wa urefu wa mkono na kipande cha msasa. Nilianza kusugua mimi, kimyakimya, kisha nikauacha mbele yake. Hapa sikutaka kumpa maelezo marefu. Maneno mengi humchosha kabla kazi haijaanza. Aliutazama, akapitisha kidole gumba juu yake, akaugeuza upande wa pili. Nilikuwa nasugua kinyume na nyuzi za mbao. Akasugua yeye, akapuliza vumbi, kisha akauinua hadi usawa wa jicho, jicho la pili amelifumba, akauelekeza dirishani. "Umepinda." Mimi sikuona kitu. Nilileta rula ya chuma nikaiweka ukingoni: mwanga ulipita chini yake, uzi mwembamba kabisa. Baba alikuwa sahihi, na siku ile hakuwa na uhakika na jina langu.

Tangu hapo nauliza maswali ya namna nyingine. Siulizi "Unakumbuka kabati ulilomtengenezea shangazi?" Nauliza "Ungekuwa wewe, ungechagua ubao upi kati ya hizi mbili?" Swali la kumbukumbu lina jibu moja na anaweza kulikosa. Swali la maoni halikoseki. Tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, inayotumika sana Uingereza, nayo inafuata njia hiyo ya kuuliza maoni badala ya ukweli wa kukariri. Vikao vyake kwa kawaida ni 14, vya dakika 45 hivi, mara 2 kwa wiki kwa wiki 7. Mwaka 2018 mwongozo wa afya wa nchi hiyo ulisema tiba hiyo ipendekezwe kwa wenye demensia nyepesi na ya kati, ila ukasema mazoezi ya kuufunza ubongo yasitolewe kutibu Alzheimer ya ngazi hizo. Niliposoma hivyo niliziwaza kadi zangu. Kama kuna kikundi cha namna hiyo karibu nawe, mpeleke. Kuzungumza na wenzake ni kazi kubwa ya akili kuliko fumbo lolote la gazetini.

Kuhusu muda: asubuhi ndiyo saa nzuri kwa Baba. Alasiri inapoelekea jioni wengi huanza kuhangaika, basi usianzishe jambo jipya saa hizo. Mwenye demensia ya miili ya Lewy, ambayo ni aina nyingine ya demensia, hubadilika hata ndani ya siku moja, huyo mfuate alivyo. Dakika 20 zinatosha, na akisukuma kitu pembeni amemaliza. Usimbembeleze.

Kabla ya yote, hakikisha miwani ni safi na kifaa cha masikio kina betri. Wiki nzima nilidhani Baba amezidiwa, kumbe hakuwa ananisikia. Zima televisheni. Mezani weka vitu vya kazi hiyo tu, juu ya kitambaa cha rangi moja inayotofautiana navyo, maana macho nayo hushindwa kutenganisha vitu. Misumeno na patasi nimezifungia. Skrubu anazozipanga kwenye makopo ni zile kubwa, na huwa nimekaa naye, kwa sababu siku moja anaweza kupeleka kitu kidogo mdomoni. Akizipanga vibaya naziacha hivyo hivyo. Usifumue kazi yake mbele ya macho yake ili uifanye upya.

Kuna jambo jipya unaloweza kumfundisha, nalo ni moja tu kwa wakati mmoja. Baba alikuwa ananiuliza siku ya leo mara nyingi sana. Nilitundika ubao ukutani wenye jina la siku, nikamwambia: "Ukitaka kujua siku, tazama ubaoni." Nikamuuliza hapo hapo: "Ukitaka kujua siku unafanya nini?" Kisha baada ya nusu dakika, dakika 1, dakika 2, 4, 8. Akikosa, usimwache akisie. Mwambie jibu mara moja, alirudie, kisha rudi kwenye muda wa mwisho alioupatia. Ilituchukua kama wiki tatu. Sasa hugeuza shingo kuangalia ukuta bila kuniuliza.

Muziki nao usiusahau. Nyimbo za umri wa miaka 10 hadi 30 ndizo hung'ang'ania zaidi. Tafuta alizozipenda wakati huo, na imba naye, hata kama sauti yako si nzuri.

Hakuna kati ya haya kinachoponya, na ugonjwa utaendelea. Lakini akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, akachanganyikiwa kuliko kawaida au akasinzia mno, usiseme ni demensia imepanda. Mara nyingi ni maambukizi, dawa au upungufu wa maji. Mwone daktari siku hiyo hiyo.

Kazi utaipunguza kadiri siku zinavyokwenda. Baba alitoka kwenye kupima akaja kwenye kusugua, akatoka kwenye kusugua akaja kwenye kupanga, na sasa kuna siku anashika tu kipande cha mbao nilichokisugua hadi kikawa laini kama ngozi. Hushinda anakipapasa kwa kidole gumba, kufuata nyuzi. Ukifika huko, kishike kwanza mwenyewe kiganjani kwa dakika moja, ili usimkabidhi kikiwa baridi.