Koti la mvua la mtumba: ligeuze kabla ya kulipa
Kabla ya kulipia koti la mvua la mtumba, hasa unalokusudia kupanda nalo Kilimanjaro, ligeuze ndani nje na ukague mishono ya mabega na ya kofia. Kila sindano ilipopita pamebaki tundu, na koti linalozuia maji kweli huwa limebandikwa utepe mwembamba juu ya matundu hayo. Lisipokuwa nao, hilo ni koti la upepo, hata muuzaji aape vipi. Pitisha ukucha ukingoni mwa utepe: ukiinuka kwa urahisi, gundi imechoka. Kisha sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Ukinata au ukitoa magamba, utando unaozuia maji umeharibika, na hakuna fundi atakayeurudisha. Kitambaa cha juu kunywa maji badala ya kuyatiririsha si kasoro kubwa, kwani mara nyingi ni dawa ya nje tu iliyokwisha, nayo hupakwa upya. Ukaguzi huu haufai kwa koti lenye bitana iliyoshonwa pande zote, maana mishono imefichwa. Hapo, muuzaji akiridhia, mimina maji kidogo begani, subiri dakika chache, kisha papasa kwa ndani. Mwisho livae juu ya sweta nene na uinue mikono: mikono ya koti ikipanda mbali na viganja, ni dogo kwako.