Mnara Mrefu wa Daraja la Kebo: Jinsi ya Kuusanifu Uhimili Tetemeko Kubwa

Kabla ya kupanga hata nondo moja, amua mnara na sakafu ya daraja vitashikana vipi. Uamuzi huo una uzito kuliko hesabu zote zitakazofuata.

Hatua ya 1: Ijue ardhi. Mnara mrefu huyumba polepole, pengine sekunde kadhaa kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo chunguza nguvu ya mawimbi ya polepole, hasa ufa wa ardhi unaoleta matetemeko ukiwa karibu au udongo ukiwa laini.

Hatua ya 2: Unganisha mnara na sakafu. Ukiifunga sakafu kwenye mnara, uzito wake wote huelemea kitako cha mnara. Ukiiachia huru, nguvu hupungua, lakini sakafu husafiri mno na kugonga viungo vya mwisho. Mimi huiachia, kisha naweka dampa za mafuta, yaani shokamzoba kubwa. Kipeo cha kasi (namba inayoonyesha nguvu ya dampa hupandaje kasi ikiongezeka) nakianzia 0.3 hivi, ili kasi ikizidi makadirio nguvu ya dampa isipande sana. Jaribu ukubwa tofauti wa dampa, chora momenti ya kitako (nguvu ya kukipinda) dhidi ya mwendo wa sakafu, na usimame pale ambapo kuongeza dampa hakupunguzi tena mwendo kwa kiasi cha maana. Daraja la Rion-Antirion la Ugiriki, lililofunguliwa 2004, limening'iniza sakafu yake yote ya mita 2,252 kwenye kebo, na dampa huzuia mwendo wake wa kando.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuumia, yaani sehemu ya mnara itakayoruhusiwa kuharibika. Pawe kitakoni, panapofikika kukaguliwa. Msingi na uwezo wa kuhimili nguvu ya kukata uvipime kwa momenti halisi ambayo kitako kinaweza kubeba, ukiizidisha kwa 1.35 kama ni zege. Kagua pia mnara pale unapokutana na sakafu: kwenye daraja la Chi-Lu, Taiwan, tetemeko la Septemba 1999 lilimenya zege la mnara hapo hapo.

Hatua ya 4: Funga ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo za wima) vizuri. Ncha zikunjwe nyuzi 135 kuingia ndani ya kiini. Zikikunjwa 90, zege la nje likidondoka ringi hufunguka na nondo za wima hupinda. Umbali kati ya ringi usizidi mara 6 ya kipenyo cha nondo za wima, na usiunganishe nondo kitakoni.

Hatua ya 5: Jaribu kwa mitikisiko iliyorekodiwa. Tumia rekodi 7 au zaidi. Angalia kebo: ikilegea kisha ikavutika ghafla, nanga yake ndiyo huumia. Ukiona hivyo, rudi hatua ya 2 ubadilishe dampa.